Pandikizi la Mfupa Likishindwa, Upasuaji wa Pili Usiwe Jibu la Kwanza

Kipandikizi cha titani, yaani skrubu ndogo inayotiwa ndani ya taya ili ibebe jino bandia, si jambo geni tena katika kliniki za kinywa na meno za miji ya Afrika Mashariki. Pamoja nacho umekuja upasuaji ambao wagonjwa wengi huusikia kwa mara ya kwanza siku wanapoambiwa kuwa wanauhitaji, nao ni upandikizaji wa mfupa. Taya likiwa jembamba au fupi mno kuweza kuishika skrubu, daktari huongeza mfupa kwanza, husubiri ukomae, kisha ndipo hutia kipandikizi.

Mara nyingi mpango huo hufanikiwa. Wapo hata hivyo wagonjwa ambao kwao haukufanikiwa. Mshono uliachia, utando uliofunika mfupa ukaonekana wazi kinywani, usaha ukatoka, au picha ya eksirei ya baada ya miezi sita ikaonyesha kuwa kilichopandikizwa kimeyeyuka. Mgonjwa wa namna hii amekwisha kulipa, amekwisha kuvimba shavu, na amekwisha kusubiri nusu mwaka. Anaporudi kliniki, maneno anayoyasikia mara nyingi ni machache: itabidi kurudia.

Makala haya yanashikilia kuwa neno "itabidi" halistahili kutumika hapo. Kukosa jino si maradhi yanayoua, na njia za kulijaza pengo ni nyingi. Upasuaji wa pili unaweza kuwa sahihi kwa baadhi ya wagonjwa, lakini hauna budi kushindanishwa kwa haki na njia nyingine zote, ikiwamo njia ya kuliacha pengo lilivyo. Mwenye wajibu wa kuthibitisha kwamba upasuaji unafaa ni anayeupendekeza. Mgonjwa anayesitasita hana haja ya kujitetea.

Mfupa hupotea vipi

Sehemu ya taya inayoshika mizizi ya meno huwapo kwa ajili ya meno hayo. Jino likitoka, sehemu hiyo hukosa kazi na mwili huanza kuipunguza. Uchunguzi wa mataya baada ya kung'oa magego umeonyesha kuwa takriban nusu ya upana wa ukingo wa taya hupotea ndani ya miezi 12, na sehemu kubwa ya upungufu huo hutokea katika miezi 3 ya mwanzo. Ukuta wa nje, ulio upande wa shavu au mdomo, ndio hupungua zaidi kwa kuwa ni mwembamba. Iwapo jino liling'olewa kwa nguvu nyingi na ukuta huo ukavunjika, au iwapo usaha na ugonjwa wa fizi vilikuwa vimekwisha kuula mfupa, hasara huwa kubwa zaidi.

Kipandikizi cha kawaida kina kipenyo cha milimita 4 hivi, nacho huhitaji angalau milimita 1 ya mfupa kila upande. Ukingo wa taya unapaswa basi kuwa na upana wa milimita 6 hivi. Kwa upande wa kina, taya la chini lina neva inayopita ndani yake na kuipa hisia midomo na kidevu, na kipandikizi hakitakiwi kuikaribia. Katika taya la juu, sehemu ya nyuma imepakana na sinasi, yaani uwazi wenye hewa, ambao hushuka chini kadiri miaka inavyopita baada ya magego kung'olewa. Mgonjwa aliyekaa miaka 10 bila magego anaweza kujikuta na milimita chache tu za mfupa, na hapo ndipo wazo la kupandikiza huzaliwa.

Mfupa unaopandikizwa hutoka sehemu mbalimbali. Upo wa mgonjwa mwenyewe, unaochukuliwa kidevuni, nyuma ya taya au, panapohitajika mwingi, kwenye nyonga. Upo wa mtu aliyefariki na kutoa idhini, ambao husafishwa na kukaushwa. Upo wa mnyama, hasa ng'ombe, ulioondolewa kila kitu isipokuwa madini yake. Upo pia ule unaotengenezwa kiwandani kwa chumvi za kalisi na fosfati. Wa mgonjwa mwenyewe una chembe hai, lakini huacha kidonda cha pili mahali ulipotolewa. Aina nyingine hazina chembe hai. Kazi yake ni kuwa kiunzi ambacho mfupa wa mgonjwa hutambaa juu yake na kukijaza taratibu. Ndiyo maana damu ya kutosha, utulivu wa pandikizi na ufizi uliofunga vizuri ni masharti yasiyoepukika.

Mara ya pili si sawa na mara ya kwanza

Kosa la kawaida ni kuuona upasuaji wa pili kama jaribio lile lile linalorudiwa kwa bahati nzuri zaidi. Mahali penyewe pamekwisha kubadilika. Ufizi uliokatwa na kushonwa umeacha kovu. Kovu halivutiki kama ufizi mzima, na mishipa yake ya damu ni michache. Daktari anapotaka kuufunga juu ya mfupa mpya, ufizi huo hubana, na mshono unaobana ndio huachia. Ikiwa pandikizi la kwanza liliondoka pamoja na usaha, huenda pia limechukua sehemu ya mfupa wa asili, hata mgonjwa akawa na mfupa mdogo kuliko aliokuwa nao kabla ya matibabu kuanza.

Jambo la pili ni kwamba sababu iliyoliangusha pandikizi la kwanza haiondoki yenyewe. Mvutaji wa sigara ambaye hakuacha, mwenye kisukari ambaye sukari yake haijadhibitiwa, mwenye ugonjwa wa fizi katika meno yaliyobaki, na mwenye meno bandia yanayokandamiza kidonda, wote wataingia katika upasuaji wa pili na mzigo ule ule. Wapo pia wanaohitaji tahadhari ya pekee, kama waliopigwa mionzi ya saratani katika eneo la taya, na wanaotumia dawa za kuzuia kuyeyuka kwa mifupa, za vidonge au za sindano, ambao mfupa wa taya lao unaweza kushindwa kupona na hata kufa. Kwa hawa, kurudia upasuaji bila kushauriana na daktari anayewatibu maradhi hayo ni hatari isiyo na sababu.

Jambo la tatu ni muda. Baada ya pandikizi kushindwa, ufizi unahitaji kupona kwanza, na hilo huchukua wiki nyingi hadi miezi kadhaa. Pandikizi jipya huhitaji miezi 4 hadi 9 kukomaa, na kipandikizi cha titani nacho huhitaji miezi mingine ya kushikana na mfupa kabla ya kubebeshwa jino. Kwa hiyo mgonjwa anayekubali kurudia anakubali, kwa kawaida, mwaka mzima au zaidi, tena kabla ya kutafuna kwa jino jipya. Kwa mtu anayesafiri kutoka wilayani hadi mjini kwa kila hudhurio, nauli na siku za kazi zilizopotea ni sehemu ya gharama, ingawa haziandikwi katika bei anayopewa.

Haya yote hayamaanishi kwamba kila aliyeshindwa ni mzembe, wala kwamba kila daktari aliyeshindwa hakujua kazi. Pandikizi linaweza kuanguka hata penye mikono mizuri na mgonjwa mtiifu. Lakini swali la kwanza baada ya kushindwa ni "kwa nini?", na mpango wa kurudia uliotolewa kabla ya swali hilo kujibiwa haujakamilika.

Njia zinazostahili kutajwa

Ipo njia ya kutumia mfupa uliopo bila kuongeza mwingine. Vipandikizi vifupi, vya milimita 6 au pungufu kidogo ya 8, vilitazamwa kwa mashaka zamani, kwani iliaminika kuwa urefu ndio uimara. Majaribio yaliyowalinganisha wagonjwa wa vipandikizi vifupi na wale walioongezewa kimo cha mfupa katika sehemu ya nyuma ya taya la chini yameonyesha kuwa, katika miaka ya mwanzo, vile vifupi hufanya kazi kwa kiwango kinachokaribiana, tena kwa matatizo machache, hasa ya midomo kufa ganzi. Penye upana mdogo vipo vipandikizi vyembamba, na katika mataya yasiyo na jino hata moja vipo vinavyotiwa kwa mshazari ili kukwepa sinasi au neva. Kila kimoja kina mipaka yake, na ushahidi wa miaka mingi juu ya vile vifupi ni mdogo kuliko ule wa vya urefu wa kawaida. Hata hivyo mgonjwa ana haki ya kusikia kwamba vipo.

Ipo njia ya daraja. Daraja la kawaida hutegemea meno mawili ya jirani, ambayo huchongwa pande zote na kuvikwa taji. Iwapo meno hayo ni mazima, kuyachonga ni hasara kubwa: sehemu kubwa ya jino huondolewa, na baadhi ya meno yaliyochongwa hufa kiini chake miaka kadhaa baadaye. Lakini iwapo meno hayo yamekwisha kuzibwa kwa vijazio vikubwa na yangehitaji taji kwa vyovyote, daraja huwa uamuzi wa busara. Kwa pengo la jino moja la mbele, lipo pia daraja la kugandishwa, lenye bawa moja linalobandikwa kwa gundi maalumu nyuma ya jino jirani bila kulichonga au kwa kulichonga kidogo sana. Kwa mgonjwa wa makamo asiye na tabia ya kusaga meno usiku, daraja la namna hii linaweza kudumu miaka mingi. Na likibanduka, kwa kawaida hubandikwa tena bila hasara.

Ipo njia ya meno bandia ya kuvaa na kuvua. Hii ndiyo inayopatikana kwa urahisi zaidi, hata katika hospitali za mikoa, na ndiyo inayodharauliwa zaidi. Ni kweli kwamba meno haya yana kasoro. Yale ya plastiki yaliyokaa juu ya fizi hukandamiza mfupa na kuchangia kuupunguza; yasiposafishwa huleta ukungu na wekundu katika kaakaa; na yakitengenezwa vibaya huwaumiza wanaoyavaa hata wakayaweka kabatini. Lakini yaliyopimwa vizuri, yakavuliwa usiku na kusuguliwa kila siku, huwahudumia watu kwa miaka mingi. Yale yenye kiunzi cha chuma kinachoegemea meno yaliyobaki huacha fizi ikiwa na nafuu zaidi.

Kwa mgonjwa asiye na jino hata moja katika taya la chini, wataalamu waliokutana katika Chuo Kikuu cha McGill huko Montreal, Kanada, mwaka 2002 walikubaliana kwamba chaguo la kwanza liwe meno bandia yaliyofungwa kwenye vipandikizi viwili tu vya mbele. Jambo hili lina maana kubwa kwa mada hii. Sehemu ya mbele ya taya la chini ndiyo kwa kawaida hubaki na mfupa wa kutosha hata pale nyuma ulipokwisha. Mtu aliyeshindwa na pandikizi la nyuma anaweza kupata meno yasiyocheza bila kuongezewa hata chembe moja ya mfupa.

Kuliacha pengo ni uamuzi pia

Njia ambayo hutajwa kwa nadra ni ile ya kutofanya kitu. Mwaka 1981, Arnd Käyser wa Nijmegen, Uholanzi, alieleza kwamba watu wengi waliopoteza magego ya nyuma huendelea kula vizuri na kuridhika, mradi meno ya mbele na magego madogo yamebaki na yanakutana. Shirika la Afya Duniani nalo, mwaka 1992, liliweka lengo la kubaki na meno ya asili yasiyopungua 20 maishani bila kuhitaji meno bandia.

Wazo hilo halikuishia Ulaya. Paulo Sarita na wenzake walilipima Tanzania, kwa kuwachunguza watu 725 wenye safu fupi za meno na kuwalinganisha na 125 wenye safu kamili. Matokeo yalichapishwa mwaka 2003. Waliokuwa na magego madogo yote na angalau jozi moja ya magego makubwa yanayokutana walitafuna vya kutosha. Waliobakiwa na jozi mbili za magego madogo au pungufu ndio waliopata taabu kubwa, hasa katika vyakula vigumu. Uzito wa ushahidi huu uko katika mahali ulipotoka: umetoka kwa watu wanaokula ugali, mahindi ya kuchoma, nyama na miwa, wala si kwa watu wa vyakula laini.

Kwa hiyo mgonjwa aliyepoteza gego moja la nyuma, ambaye pandikizi lake la mfupa limeshindwa, na ambaye anatafuna vizuri upande wote, ana haki ya kuambiwa kwamba anaweza kusimama hapo. Ataelezwa pia hasara zake: jino la juu linaweza kushuka kidogo kuelekea pengo, na la jirani linaweza kuinama. Hayo yanaweza kufuatiliwa kila anapokwenda kusafishwa meno. Si kila nafasi iliyo wazi kinywani ni ugonjwa.

Wanaotetea kurudia wana hoja

Ingekuwa si haki kuwanyima sauti wanaoona tofauti. Hoja yao ya kwanza ni umri. Msichana wa miaka 22 aliyepoteza jino la mbele kwa ajali ya bodaboda ana miaka mingi mbele yake. Meno bandia ya kuvua humsumbua mbele za watu, na daraja la kuchonga litaharibu meno mazima. Kwake, kuongeza mfupa mara ya pili kunaweza kuwa na faida ya maisha yote. Hoja ya pili ni sura: katika meno ya mbele, mfupa uliozama huonekana kama shimo chini ya mdomo, na hata daraja zuri haliwezi kulificha kila mara. Hoja ya tatu ni kwamba vipandikizi, tangu Per-Ingvar Brånemark alipomtilia mgonjwa wake wa kwanza huko Gothenburg, Uswidi, mwaka 1965, vimethibitika kuwa na uimara ambao njia nyingine chache zinaukaribia.

Hoja hizi ni za kweli, nazo zinaonyesha ni nani anayefaa kurudia. Ni yule ambaye sababu ya kushindwa imejulikana na imeondolewa. Ambaye kasoro ya mfupa ni ndogo na imezungukwa na kuta, kwa kuwa shimo lenye kuta hujaa kwa urahisi kuliko ukingo uliotambarika. Ambaye fizi zake zimepona au zimeongezwa nyama kwanza. Ambaye havuti sigara na maradhi yake yamedhibitiwa. Na ambaye, baada ya kuelezwa njia nyingine zote, bado analitaka jino lisiloondoka. Kinyume chake, mtu mwenye upungufu mkubwa wa kimo cha mfupa katika sehemu ya nyuma ya taya la chini, anayevuta sigara na aliyekwisha kushindwa mara moja, ana sababu chache sana za kujaribu tena. Kuongeza kimo ndiko kugumu kuliko kuongeza upana, na ndiko kwenye matatizo mengi.

Hoja moja isiyokubalika ni ile ya fedha zilizokwisha kutumika. Husemwa kwamba mgonjwa ametoa mamilioni, basi asiishie njiani. Fedha zilizopotea hazirudishwi na upasuaji wa pili. Kinachopaswa kupimwa ni faida na hasara kuanzia siku hiyo. Wahenga walisema heri kenda shika kuliko kumi nenda uje. Mgonjwa mwenye meno 26 yanayotafuna vizuri anacho cha kushika tayari.

Ridhaa inayostahili jina hilo

Saini katika karatasi si ridhaa ikiwa mgonjwa hakujua alichokuwa na uwezo wa kukichagua badala yake. Katika upandikizaji wa mfupa lipo jambo moja linalosahauliwa mara nyingi: asili ya kinachopandikizwa. Mfupa unaweza kuwa wa ng'ombe au wa maiti, na tando nyingi zinazofunika pandikizi hutengenezwa kwa ngozi au utando wa nguruwe. Katika Pwani na Visiwani, na kwa Waislamu popote walipo, hili si jambo dogo. Hali kadhalika kwa Wahindu kuhusu ng'ombe, na kwa Wakristo wa madhehebu yanayojiepusha na nguruwe. Mgonjwa anapaswa kuambiwa kabla, ili aamue mwenyewe au amuulize kiongozi wake wa dini. Mara nyingi kitu mbadala kinapatikana. Akigundua baadaye kwa kusimuliwa na mtu mwingine, imani yake kwa hospitali huvunjika, na haitaungwa kwa maelezo.

Ni vema mgonjwa aliyeambiwa arudie upasuaji apate majibu ya maswali haya kabla ya kukubali:

1. Pandikizi la kwanza lilishindwa kwa sababu gani, na nini kitafanywa tofauti safari hii?
2. Je, picha mpya imepigwa, na inaonyesha mfupa wa upana na kimo gani sasa?
3. Bila kuongeza mfupa, zipo njia gani za kulijaza pengo hili, na kila moja ina gharama na matengenezo gani?
4. Pengo likiachwa, kitatokea nini katika miaka mitano?
5. Mfupa na utando vinatoka wapi?
6. Upasuaji wa pili ukishindwa, nani atalipa, na mpango utakaofuata ni upi?
7. Inawezekana kupata maoni ya daktari mwingine, na je, nakala za picha na maelezo zitatolewa?

Daktari makini haoni maswali haya kuwa dharau. Kuuliza si ujinga, na mgonjwa anayeuliza mapema husumbua kidogo kuliko anayelalamika baadaye. Swali la sita ni zito kwa namna yake. Kliniki nyingi hupata mapato makubwa zaidi kwa upasuaji kuliko kwa meno bandia ya plastiki, na mgonjwa hana njia ya kujua kama ushauri anaopewa umeegemea upande huo. Dawa yake ni uwazi: njia zote ziandikwe katika karatasi moja pamoja na bei zake, na mgonjwa aende nayo nyumbani akashauriane na jamaa zake. Pengo la jino halina dharura inayozuia wiki mbili za kufikiri.

Wajibu wa wahudumu wengine wa afya

Mgonjwa wa aina hii hakutani na daktari wa upasuaji peke yake. Muuguzi wa zahanati, tabibu wa meno wa kituo cha afya na mfamasia wa dukani humwona kabla na baada. Wakimwona ana uvimbe unaoongezeka baada ya siku ya tatu, usaha, homa, kutokwa damu kusikokoma, kushindwa kufungua kinywa, au midomo iliyobaki na ganzi siku baada ya upasuaji, wamrudishe haraka kwa aliyempasua au hospitali ya rufaa badala ya kumuuzia viuavijasumu na kumwacha aende. Wakijua kuwa anatumia dawa za mifupa au kwamba alitibiwa kwa mionzi, waiandike habari hiyo na kuituma pamoja naye.

Kwa madaktari wa meno, ipo kazi moja ndogo yenye faida kubwa. Kila mgonjwa aliyetiwa kipandikizi au pandikizi apewe kadi yenye aina, ukubwa, tarehe na chanzo cha kilichotiwa. Skrubu za kampuni moja haziingii katika kipandikizi cha nyingine, na mgonjwa aliyehama kutoka Mwanza kwenda Mombasa bila kadi anaweza kung'olewa kipandikizi kizima kwa kukosa kipuri kidogo tu.

Mlolongo wote huu, kutoka pengo hadi upasuaji wa pili, huanzia kwenye jino lililong'olewa. Meno mengi yanayong'olewa katika vituo vya afya yangeweza kuzibwa mapema au kutibiwa mzizi. Pale ambapo kung'oa hakuepukiki, kung'oa kwa upole bila kuvunja ukuta wa mfupa, na kumwambia mgonjwa siku hiyo hiyo kwamba mfupa wake utapungua sana katika miezi mitatu ijayo, humpa nafasi ya kuamua akiwa bado na mfupa wa kuamulia. Ushauri huo hauhitaji mashine wala fedha. Ukitolewa kwa kila mgonjwa, wachache zaidi watafika kwenye meza ya upandikizaji, na wachache zaidi wataambiwa kwamba itabidi kurudia.